Mwongozo kamili wa kutafuta mianya kwenye Nomic, na kuiziba kabla jirani hajapita

Jumapili moja hapo Zimmerman, Nairobi, jamaa alitoa kipande cha sabuni mfukoni, ile ya bluu ya kufulia, amekikata kama dadu na kila upande amechoma nukta 40 na kijiti cha meno. Akakirusha mezani katikati ya vikombe, akasema andikeni, nimepata 40. Tulicheka sana alafu mtu akachukua sheria akasoma kwa sauti na kicheko kikaisha. Sheria ilisema urushe dadu moja mara moja, na uongeze kwa alama zako zile nukta zilizo upande uliotokea. Haikusema dadu iwe na pande ngapi, haikusema nukta ziishie 6, na kwa sabuni ilikuwa kimya kabisa. Tulimuuliza mbona hukuchoma 100 umalize gemu, akasema kijiti kilivunjika.

Kama hujawahi kuisikia, Nomic ni gemu ambayo kucheza kwenyewe ni kubadilisha sheria za gemu. Ilibuniwa na Peter Suber, aliyekuwa mwalimu wa falsafa Earlham College kule Marekani, na watu wengi waliisoma mara ya kwanza Juni 1982 kwenye safu ya Douglas Hofstadter ndani ya jarida la Scientific American. Jina limetoka kwa nomos, neno la Kigiriki la sheria. Suber alitaka kuonyesha mambo yanayotokea sheria ikipewa uwezo wa kujirekebisha yenyewe, na sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa sana hapo, manake mwezi huohuo wa Juni 1982 bunge letu lilikuwa linaingiza kifungu cha 2A cha chama kimoja kwa katiba, kwa kufuata utaratibu uleule wa katiba, na mpaka Desemba 1991 ndio kikatolewa.

Sasa tuingie kazi.

Hatua ya 1: vifaa

Watu 3 wanatosha lakini 5 ni tamu zaidi. Dadu ya ludo, hawaka yeyote wa town atakuuzia. Daftari ya kuandika mapendekezo na alama. Alafu printi zile sheria za kuanzia saiba, kopi moja kwa kila mtu, usikubali mtu mmoja tu ndio awe na karatasi anawasomea wengine, huyo atawamaliza.

Sheria za kuanzia ni 29. Kuna 16 ambazo sisi tunaziita ngumu, namba 101 hadi 116, na 13 laini, 201 hadi 213. Laini zinabadilishwa kwa kura ya kawaida (203: mizunguko miwili ya kwanza lazima kura zote, baada ya hapo wingi unatosha). Ngumu haiguswi mpaka kwanza igeuzwe iwe laini, na hapo lazima kila mtu akubali (109). Zamu ni hivi (202): unatoa pendekezo moja la kubadilisha sheria, linapigiwa kura, alafu unarusha dadu. Pendekezo la kwanza la gemu linapewa namba 301, linalofuata 302, hivyo hivyo. Likianguka unapoteza pointi 10. Wa kwanza kufika 100 ameshinda. Ukitegemea dadu peke yake utangoja sana, wastani wa mrusho ni 3.5, so ni kama zamu 29 hivi. Ndio maana watu huishia kutafuta mianya.

Hatua ya 2: usisome kutoka juu kwenda chini

Kosa la kila mgeni ni kuanza na 101 akifika 105 ashachoka. Anza na 116. Hio inasema chochote ambacho hakijakatazwa wala kuwekewa utaratibu kinaruhusiwa, isipokuwa kubadilisha sheria, hio lazima sheria ikuruhusu. Yaani ukimya wa sheria ni ruhusa. Sabuni ilipita hapo. Kutoka hapo ruka uende 108 na 211 (za namba), 212 (ya jaji), 213 (ya gemu kukwama), ndio sasa urudi kwa zingine.

Chukua kalamu na kila neno ambalo sheria inalitumia bila kulieleza, liwekee mstari. Dadu hiyo tushaona. Angalia 210 sasa: wachezaji wasishauriane juu ya mabadiliko yajayo ya sheria isipokuwa kama ni wa timu moja. Timu ni nini? Geuza karatasi yote hutapata. So mimi na wewe tukisema tu sisi ni timu, nani amekataza? Na neno "yajayo" nalo, pendekezo likishaandikwa na kusomwa bado ni lijalo ama lishafika? Hapo kuna kesi mbili kwa sentensi moja.

Alafu kuna swali la nani ni mchezaji. Kila mchezaji ana kura, lakini hakuna mahali panaelezwa mtu anaingiaje gemu ikishaanza. Nishaona mtu akifungulia binamu wake wawili mlango na kusema hawa pia wanacheza. Huo kwa maoni yangu ni mwanya mbaya, hauna akili, ni kama kusafirisha wapiga kura na lori. Lakini upo.

Hatua ya 3: chunga umekaa wapi

Watu hudhani kukaa ni kukaa tu. Zamu inazunguka kama saa, na mkibishana kama hatua fulani ni halali, 212 inasema jaji ni yule aliyecheza kabla ya mwenye zamu. So jaji wako unamjua tangu mlipovuta viti! Na uamuzi wake haupinduliwi mpaka wachezaji wengine WOTE wakubali kuupindua, na kati ya hao wengine wewe mwenye kesi umo. Soma tena hio. Jaji akikupendelea, kura yako moja inatosha kumlinda. Kwa hivyo kaa baada ya mtu anayependa vituko, na kama kuna mtu wa kanuni kanuni, yule wa kurudisha chenji ya bob moja, hakikisha anamhukumu mtu mwingine.

Jamaa wa sabuni alikaa baada yangu. Mimi ndio nilikuwa wa kwanza kucheza, yeye wa pili, so jaji nilikuwa mimi, na nikasema sheria iko kimya, kimya ni ruhusa, apewe 40. Nilijiona msomi kweli. Kumbe 212 ina sentensi mwishoni sikuwa nimefika: pale sheria iko kimya ama haieleweki, jaji aangalie kwanza desturi ya gemu na roho yake kabla ya kutumia vigezo vingine. Na tulikuwa tumerusha dadu ya ludo mara 6 kabla ya hapo, desturi gani nyingine nilikuwa nangoja? Watatu walitaka kunipindua, yeye akakataa, basi. 40 zikaandikwa.

Afueni ni kwamba jaji mpya hafungwi na maamuzi ya jaji wa zamani. Usijenge mpango wa wiki tatu juu ya hukumu moja, kesho jaji mwingine anaitupa. Na usinyamaze ukipewa hukumu ya kijinga, kuipindua ni lazima kabla zamu inayofuata ianze, baada ya hapo imepita.

Hatua ya 4: namba, hapa ndio pesa iko

Kama utasoma sehemu moja tu soma hii.

Sheria mbili laini zikigongana, 211 inasema yenye namba ndogo ndio inashinda. Ngumu na laini zikigongana ngumu inashinda (110). Maana yake sheria yako mpya, na inaanzia 300 na kitu, ni mdogo kabisa kwa hio familia. Ukipitisha sheria tamu na inagongana na mojawapo ya zile 200, umepitisha maua.

Dawa ni kuiandikia ndani yake. 211 inakubali sheria ijitangaze yenyewe kwamba inatangulia sheria fulani. So malizia kila pendekezo na "sheria hii inatangulia 202" ama yoyote unayoipiga. Mbili zikijitangaza kila moja inatangulia ingine, mnarudi kwa namba.

Lakini mwanya wenyewe uko 108, na hauonekani mpaka uzisome hizo mbili pamoja. 108 inasema sheria ikirekebishwa inachukua namba ya lile pendekezo lililoirekebisha. Umeona? Sheria ya 202 ukiiongezea hata koma moja kwa pendekezo la 308, sio 202 tena. Ni 308. Imetoka kwa wazee imeenda kukaa na watoto, na sheria zote zilizo chini ya 308 sasa zinaishinda. Hujaipinga, hujaifuta, umeirekebisha kidogo tu na kila mtu amekushukuru.

Wacha niwaonyeshe venye ilitutokea. Mchezaji wa nne kwetu ni jirani wa ghorofa ya tatu, mama mpole sana, na mzunguko wa kwanza alipendekeza 304: aliyepika chai siku hiyo atarusha dadu mara tatu kwa zamu yake. Tukapitisha wote, si ni yeye alikuwa amepika na vikombe tulikuwa navyo mkononi. Alafu kuna mtu akasema hapana, 202 inasema mara moja, 202 ni ndogo kuliko 304, so 304 imelala. Jirani akasema sawa, hakuna shida, akaongeza maziwa.

Sasa ikaja hio siku ya sabuni. Mchezaji wa tatu alikuwa na hasira na zamu ilikuwa yake, akaandika 308: 202 irekebishwe, dadu iwe ya kawaida yenye pande 6 na nukta 1 hadi 6. Bado tulikuwa mzunguko wa pili, na mpaka huo uishe kila pendekezo linahitaji kura zote, so nilidhani mwenye sabuni atakataa. Akakubali! Na alikuwa sawa, yeye 40 zake zilikuwa zishaandikwa na akiacha mlango wazi sisi wanne tunarudi Jumapili ijayo na sabuni ya nukta 100 kila mtu. Mwanya ukishautumia ufunge wewe mwenyewe nyuma yako, hio ni hesabu tu. Jirani naye akapiga ndiyo bila kuinua macho.

Zamu ikawa yake. Akarusha dadu. Akaiokota, akarusha tena. Tukamwangalia. Ya tatu. 6, 5, 4. Jaji sasa alikuwa yule yule wa tatu, mwenye kuziba shimo la sabuni, akaambiwa na jirani kwa upole kabisa asome 108. Akaisoma, akarudia, mara ya tatu alisoma na kidole. 202 haipo tena, kuna 308, na 304 ni ndogo kuliko 308, hata hapo 212 haina kimya cha kujificha. Pointi 15. Mtu wa kurusha mara tatu anapata wastani wa 10.5 kwa zamu, anahitaji kama zamu 10 tu kufika 100.

So kabla hujarekebisha sheria yoyote ya 200, fungua daftari na uangalie kila sheria ya 300 iliyolala juu ya sababu ya namba. Sisi siku hizi tunaziwekea alama ya nyota pembeni. Na ukitaka kupanda yako ya kulala, ipande mapema, na iwe ya kuchekesha, watu hawaogopi kitu kilichowachekesha.

Hatua ya 5: kura

Mzunguko wa pili ukiisha, 203 inajibadilisha yenyewe na wingi wa kura unatosha, kama hakuna aliyeibadilisha kabla. Siku hiyo 204 inaamka: ukipiga la na pendekezo likapita, unapewa pointi 10. Hapo ni karibu mara tatu ya mrusho wa dadu. Kwa hivyo kila mtu anataka kupiga la, lakini anataka wengine wapige ndiyo. Mkiwa 5 nafasi za la ni 2 tu, wa tatu akiingia pendekezo linaanguka, mwenyewe anapoteza 10 na nyinyi hampati kitu. Ukiwa na mtu wa timu yako (kumbuka timu haijaelezwa) mnapeana zamu za kukataa vitu ambavyo mnajua vitapita, na kwa meza inaonekana ni msimamo.

Jambo lingine: 105 inamlazimisha kila mwenye kura kushiriki kila kura. Mtu akitoka mbio kuwahi matatu ya mwisho ya Rongai, kura haiwezi kukamilika, gemu inaganda. Tulikaa wiki mbili hivyo. Pitisheni mapema sheria ya asiyekuwepo.

Hatua ya 6: 109, mlango mkubwa

109 inalinda sheria zote ngumu. 109 yenyewe inalindwa na nani? Na 109. Ukipata siku moja tu ambayo wote wamekubali kuigeuza iwe laini, basi baada ya mzunguko wa pili unaweza kuirekebisha kwa wingi wa kawaida iseme ngumu hugeuzwa kwa wingi wa kawaida, na kutoka hapo hakuna ngumu tena. Wote kukubaliana kunahitajika mara moja tu.

Hii si mambo ya gemu peke yake. Katiba yetu ya uhuru ya 1963 ilikuwa na vizingiti virefu vya marekebisho, 1965 kizingiti kikashushwa hadi asilimia 65, na mwaka uliofuata ikapita sheria ya kuunganisha Seneti na Baraza la Wawakilishi. Kwanza unashusha ukuta, alafu unaingia. Walioandika ile ya 2010 walikuwa wameona hio sinema: kifungu cha 255 kinataja mambo yanayohitaji kura ya maamuzi, na aya ya mwisho kwa hio orodha ni sura yenyewe ya marekebisho. Yaani kufuli imefungiwa ndani ya kile inachofunga. Ukitaka kufanya hivyo kwa Nomic, angalia 209 pia: sheria laini haziwezi kuzidi 25. Mnaanza na 13, kwa hivyo mkijaza zingine 12 za upuzi, kugeuza ngumu yoyote kungefanya 26, na haiwezekani mpaka moja ifutwe. Takataka nazo ni ukuta.

Hatua ya 7: kushinda kwa kukwamisha

213 inasema sheria zikibadilishwa mpaka kuendelea kusiwezekane, au hatua ikawa kwa akili yote ya jaji halali na haramu kwa usawa, wa kwanza kushindwa kumaliza zamu yake ndiye mshindi. Wageni hujaribu kugonganisha sheria mbili. Haifanyi, 211 na 110 zipo kazi hiyo. Mgongano uweke ndani ya sheria moja, hapo hakuna namba ya kulinganisha. Mfano: "mchezaji anayetaja jina la mboga wakati wa zamu yake amefanya hatua halali ikiwa, na pale tu, hatua hiyo ni haramu." Alafu zamu yako ikifika unasema sukuma wiki na unangoja jaji atoe jasho.

Shida ni 111, wenzako wakiona pendekezo lina utata wana haki ya kulipinga na kushauri kabla ya kura. Lakini maneno ya mwisho unaamua wewe mwenye pendekezo. So ligawe: weka nusu leo kwa sheria moja, na nusu ingine uiongeze kama marekebisho ya sheria hiyo hiyo baada ya mizunguko miwili, watu washasahau ya kwanza. Ukitaka kuona waliobobea kwa haya, kuna Agora, inachezwa kwa imeli tangu 1993 na bado haijaisha.

Kuziba

Kwa kuziba sina mengi. Kabla ya kupiga kura uliza mambo manne: maneno yote yameelezwa? Ni nani anahukumu zamu hii? Inabadilisha namba ya sheria gani? Na mimi ningekuwa mwizi ningeingilia wapi? Ukiziba, andika sheria mpya inayojitangaza kutangulia ile yenye shimo, usiirekebishe ile yenyewe. 308 ingeandikwa hivyo, 202 ingebaki 202 na mama wa ghorofa ya tatu angerusha mara moja kama sisi.

Nilipata jibu lake ndani ya matatu nikirudi nyumbani, nikashuka stage mbili mbele juu ya kuwaza. Mzunguko wa tatu ulianza na mimi, 311, na sasa wingi unatosha. Sikupendekeza kufuta 304. Nilipendekeza irekebishwe, chai iwe na tangawizi. Wengine hawakuelewa mpaka nikawaambia 304 ikiguswa inakuwa 311, na 308 ni ndogo kuliko 311, inalala tena. Ikapita 4 kwa 1. Jirani peke yake ndio alipiga la, akachukua kalamu akajiandikia pointi 10 za kukataa, akaenda jikoni kutwanga tangawizi.